Kazija na Njia ya Shingoni

Wifi yangu Kazija hakuwa hodari wa kupika wala wa kujipamba, na mie nilimwambia yote mawili tangu wiki ya harusi. Wifi asiposema yeye, aseme nani? Lakini pwani alikuwa na miguu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Bamvua likifika, zile siku za maji kujaa na kupwa kupita kiasi, na bahari ikipwa mpaka mwamba ukabaki mtupu, sie wanawake wa Tumbe tulitoka na vikapu kuchokoa pweza. Wengine tulitazama tunapokanyaga. Kazija alikwenda uso juu, akizungumza, na hakujikwaa. Alianza na mama yake akiwa na miaka sita. Akaolewa, akazaa wanne, akazika mmoja, na bamvua halikumpita ila yale ya arubaini za uzazi.

Mumewe, kaka yangu Mbarouk, alikuwa rubani. Meli ngeni zilizofika bandari ya Wesha zikitaka kupita baina ya visiwa vya kaskazini zilimwita yeye, na hilo jina la rubani alilivaa kama kofia ya Idi.

Mwaka wa hamsini na tisa ikaja meli ndogo nyeupe, Wazungu kumi na wawili ndani, wanazunguka pwani zisizo na barabara ili watazame tu. Hawanunui karafuu, hawapimi mashamba. Wanatazama mikoko, ndege, na popo wa msituni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma: mtu avuke bahari zote hizo kumfuata popo? Mbarouk akaiingiza kwenye ghuba yetu siku ya bamvua, alasiri, maji yamejaa pomoni, kwa mlango ule ule anaopita siku zote na mashua.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la mtu aliyezoea kuingia humo na vyombo vyepesi. Wageni walinogewa, wakakaa siku sita. Bamvua halimngoji mtu. Kila siku maji yalijaa pungufu ya jana, na siku ya kutoka yalikuwa maji mafu, hayajai wala hayapwi sana. Meli ikaenda mlangoni, ikagusa mwamba, ikarudi nyuma ikikwaruza. Bamvua jingine lilikuwa zaidi ya wiki mbele, na meli inangojwa Mombasa. Nahodha akasema, kwa kinywa cha Soud, karani wa Chake Chake aliyekuwa mkalimani wake, kwamba wasipotoka kesho ataandikia kila bandari kuwa Mbarouk si rubani.

Kaka yangu alirudi akakaa barazani bila kuvua viatu. Kazija alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema, "Si mpite Shingoni."

Mbarouk akauliza Shingoni ni wapi. Miaka kumi na minne ya ndoa!

Shingoni ni mfereji unaokata mwamba. Bamvua likipwa, kwingine kote kukawa kukavu, pale maji hubaki ya shingo, na wanawake tunavuka vikapu vichwani. Wanaume hawakuujua kwa sababu wao hupita juu yake maji yamejaa, na majani ya baharini huupa rangi moja na mwamba. Pwani ya kuchokoa ni ya wanawake. Mwanamume akitokea huko, huchekwa mpaka msibani kwake.

"Wataka nimpeleke nahodha kwa njia ya pweza?" akauliza kaka yangu.

"Mpeleke kwa njia ya mkeo. Au baki na viatu vyako."

Asubuhi nikachukuliwa na mie, maana haikuwa vizuri Kazija kupanda peke yake katika meli ya wanaume wageni. Tulipanda na mabuibui yetu. Nilipofika juu nikashika chuma, nikatazama. Nimezaliwa Tumbe na sikuwahi kuiona hivyo. Mikoko ilikwenda bila mwisho, mikono ya bahari ikiingia ndani yake kama mizizi mingine ya fedha, na nyuma yake msitu mweusi, popo wananing'inia kwa mamia. Nikaona aibu kwa kile kicheko chetu.

Kazija naye alitazama, lakini yeye alitafuta njia. Mbarouk akamnong'oneza: ni wapi?

"Sijui," akasema. "Huku juu sijui kitu."

Soud akauliza kama bibi hakuacha chungu motoni. Nikamwambia kinywa chake ndicho mlango mpana kuliko yote ya ghuba, na hakina maji.

Kazija akaomba mashua na upondo mrefu wa kupimia kina. Alisema akipita pale macho yake huwa shubiri moja juu ya maji. Alama yake ni kisiwa kidogo kinachoficha minazi ya Tumbe, na huku juu hakifichi kitu. Tukateremka watatu. Mbarouk akashika makasia, Kazija akainama mbele mpaka kidevu kikakaribia maji. Kile kisiwa kidogo kilichokuwa kimelala kikasimama, kikaficha minazi ya Tumbe, ukabaki mnazi mmoja.

"Hapo."

Akasimama, akatia upondo. Kushoto uligonga jiwe. Kulia uligonga jiwe. Katikati ukazama topeni kimya. Meli ikatufuata polepole kama bibi harusi. Nilitazama chini nikaliona jiwe tunaloketi kutafuna muhogo, samaki wanapita juu yake. Nilikuwa naruka juu ya njia yangu mwenyewe.

Mara upondo ukazama mpaka mkono wa Kazija ukaloa, na haukugusa kitu. Majani yalikatika, mwamba ukakatika, ikabaki buluu nzito isiyo na sakafu. Mtu aliyeijua bahari kwa nyayo alifika ukingo wake.

"Wifi," akasema taratibu, "hapa chini hakuna chini."

Na mie nikainama kando yake, nikatazama.

Meli ilipopita salama nahodha akamuuliza Mbarouk jina la njia, aandike kwenye ramani yake. Kaka yangu angeweza kusema lolote.

"Shingoni," akajibu. "Mengine muulize mke wangu. Mie leo ndiyo kwanza napita."

Barua kwa bandari haikuandikwa. Meli ilirudi mwaka uliofuata, ikamtaka Mbarouk, naye alikuwa tayari, kwa sababu bamvua la kwanza baada ya siku ile alitokea pwani kikoi kimekunjwa, kikapu mkononi, katikati ya wanawake. Tulicheka, nani asingecheka? Kazija hakucheka. Alimwambia atazame anapokanyaga, akatangulia. Alipofika Shingoni kaka yangu aliweka kikapu kichwani, akaingia taratibu mpaka maji kidevuni, kwa kuwa ni mfupi kuliko mkewe, akitazama kisiwa kikimeza minazi mmoja mmoja.