Sakafu ya Trela la Mama Kulwa

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu asinisikie nikisema hivyo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, najifunza useremala hapa Bariadi, na nusura niue watoto wawili kwa uvivu wangu mwenyewe. Kaa nikusimulie, maana nimesikia umeanza kazi na watu wameanza kukusifu. Mimi nilipotea hapo hapo kwenye sifa.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wanapishana barabarani, mitumba inaingia kwa marobota, na kila mwenye kitu cha kuuza alikuwa anauza. Mama Kulwa alikuwa mjane mwenye pacha wa miaka minne, Kulwa na Doto, wasichana wote wawili. Aliuza ng'ombe wa marehemu mumewe akanunua trela la kulala, lile la watalii: kijumba cha bati chenye kitanda, kabati na dirisha, kinachovutwa na gari. Wageni waliolileta walikuwa wamelitelekeza, likanyeshewa masika mbili. Alitaka azunguke nalo msimu wa pamba akiuza nguo minadani, alale humo humo na wanawe. Kaka yake, Maduhu, alikuwa na Landrova ya kulivuta. Mama Kulwa hakuwa na mpango mwingine wa maisha zaidi ya huo.

Bwana aliyenifundisha kazi aliitwa Fundi Masanja, mtu mkali, mfupi wa maneno. Alipanda ndani ya trela, akakanyaga chini ya dirisha, sakafu ikabonyea. Mvua ilikuwa imepenya kwenye kingo za dirisha, ikashuka ndani ya ukuta na kutuama chini ya plaiwudi. Juu jua lilikuwa limekausha, chini kumeoza. Akachukua msumari, akausukuma kwa kidole gumba tu, ukazama wote.

"Luhende," akaniambia, "ziba hilo dirisha kwanza. Halafu fungua sakafu. Endelea kufungua mpaka msumari ugome. Ukigoma ndipo uanze kujenga."

Kisha akapanda baiskeli kwenda kupaua kanisa Mkula, akaniachia siku tatu na trela.

Siku ya kwanza nilianza vizuri. Niliziba dirisha, nikang'oa zulia la plastiki, nikakata kipande cha plaiwudi cha ukubwa wa sinia. Harufu ya uyoga ikanipiga usoni. Taruma za chini, zile mbao zinazobeba sakafu, zilikuwa nyeusi, nikizibana kwa vidole zinavunjika kama makapi. Niliona wazi kwamba kazi ile ingekula siku zote tatu. Sasa, kesho yake kulikuwa na ngoma. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, walikuwa wanashindana, na mimi nilikuwa mchezaji wa Bagalu, tena wa mstari wa mbele. Unanicheka? Cheka tu, zamani kiuno hiki kilikuwa kinaitwa kwa jina.

Nikamkumbuka mama yangu. Nyumbani kwetu sakafu ya udongo ikichimbika, mama hakuwa anaifukua. Alichanganya udongo na samadi, akasiliba juu ya ile ya zamani, asubuhi tunakanyaga kitu kipya. Nikajiambia, mbona sakafu ni sakafu? Nikapigilia plaiwudi mpya juu ya ile iliyooza, nikarudisha zulia, nikapiga ufagio. Ukiingia unasema fundi huyu ana mkono. Mama Kulwa alipokuja kuangalia alipiga vigelegele, akaniita baba, akanibariki. Mimi nikaenda kucheza.

Sikukumbuka kwamba udongo unapumua, plaiwudi haipumui. Wala sikukumbuka kwamba nyumba ya mama yangu haivutwi barabarani kwenda Mwanhuzi.

Siku ya tatu asubuhi Maduhu alikuja akafunga trela kwenye gari, wakaondoka kuelekea Mwanhuzi mnadani. Hazikupita dakika ishirini, Fundi Masanja akaingia uani. Salamu yangu ya mwangaluka hakuijibu. Aliangalia pale trela lilipokuwa limesimama.

"Ulifika kwenye mbao kavu?"

"Nilifika, Fundi."

Akazunguka uani pole pole, akaangalia nyuma ya banda, akarudi. "Mbao mbovu ulizotoa ziko wapi?"

"Nilizichoma."

"Majivu?"

Nikageuka kuangalia banda. Mwanangu, nimewahi kufukuzwa na fisi, lakini swali lile lilinitisha zaidi. Akauliza jingine moja tu, kwa sauti ya chini. "Watoto wamepanda wapi?"

Nilikuwa nimewaona. Mama yao alikaa mbele na kaka yake. Pacha walibaki ndani ya trela, wakinipungia mkono dirishani. Dirisha lile lile. Chini yake kuna gurudumu.

Tulikimbia hadi barabarani. Lori la pamba lilikuwa linatoka na magunia matupu, Fundi akasimama katikati ya njia mpaka likasimama. Tulipanda juu ya magunia na dereva akaambiwa akimbize. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila lori liliporuka nilikuwa nasikia misumari yangu ikichomoka. Haikuwa na kitu cha kushika. Fundi hakunitukana. Laiti angenitukana. Niliogopa kuangalia barabarani mbele, nikaogopa zaidi kutoangalia.

Kabla ya korongo tukaona kitu kinang'aa kwenye vumbi. Kijiko. Mbele kidogo, kingine. Sikuelewa vinatoka wapi.

Tulilikuta trela likiyumba ndani ya wingu la vumbi lake. Dereva wetu alipiga honi hadi akalipita, Maduhu akasimama. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Kona ya sakafu yangu mpya ilikuwa imeshuka, pengo limefunguka, ardhi inaonekana. Doto alikuwa amelala kifudifudi pembeni ya pengo, mkono umezama hadi kwenye bega, anacheka. Alikuwa anaangusha vijiko vya mama yake kimoja kimoja, aone vinavyokimbia. Kulwa ndiye aliyekuwa anampa.

Nilimbeba yule mtoto nikakaa naye chini kwenye vumbi, nikalia. Mama Kulwa alishuka, akachungulia ndani, akaniangalia. "Mimi nilikuita baba," akasema.

Fundi akanielekeza nyuma kwa kidole. "Rudi na barabara. Okota vijiko vya mayu, mama wa watu."

Nikarudi kwa miguu, jua kali, nikiinama kama mtu anayepalilia. Vilikuwa sita. Nilipata vitano. Trela likarudishwa Bariadi, na safari hii nilifungua karibu nusu ya sakafu nzima. Mama Kulwa alikaa mlangoni na msumari mkononi, akijaribu kila taruma mwenyewe, na nilikuwa sithubutu kuweka ubao kabla hajaitikia kwa kichwa. Trela lile lilimlisha yeye na wanawe miaka mingi.

Basi, mwanangu, nisikilize. Kazi yako isiyoonekana ndiyo watu wanayoilalia. Ukikuta kuoza, fungua mpaka ufike penye ugumu, hata kama ngoma inakuita, hata kama wateja wanakusifu kwa ulichofunika. Na ukishakosea, sema gari likiwa bado uani. Mimi nilidanganya huku trela likizidi kwenda mbali, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo kuliko hata misumari yenyewe.

Mungu aibariki mikono yako, akupe fundi mkali wa kukuuliza majivu yako wapi, na kila mtoto atakayelala juu ya kazi yako aamke mzima. Na siku ukipita barabara ya Mwanhuzi, ukaona kijiko kwenye vumbi, niletee. Nikipita huko bado nakitafuta.