Kadi ya Bibi, Jina la Babu

Nina hasira, sitaki kuficha. Anayetaka habari za bibi yangu ziandikwe kwa upole akaziandike yeye.

Bibi, aliyemzaa mama yangu na kunilea mimi pale Nakwa, hana jino moja la mbele. Nilipokuwa mdogo nikimuuliza limeenda wapi, alinijibu, "Nililinunulia kadi." Nilidhani ni utani wa wazee. Nilipovunja ungo ndipo aliponikalisha jikoni akanieleza yote.

Enzi za mkoloni, babu alikuwa tarishi wa baraza la jumbe. Wanaume waliingia barazani kuzungumzia kodi na mashamba, na wanawake walikaa nje, chini ya dirisha, wakisikiliza mambo yao yakiamuliwa na wengine. Bibi na wenzake watatu wakachoka. Chama cha kudai uhuru kilipofika Babati, kikisema mwanamke naye atapiga kura na kusimama barazani, walijiunga kwa siri, kisha wakaanza kusambaza kadi za chama kwa miguu, wamezifukia kwenye makapu ya unga. Bibi alizifikisha hadi Bagara na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye mjomba wangu.

Sasa sikia kosa lao. Mwandishi wa kadi alipouliza jina, wote wanne walitaja majina ya waume zao. Siku hizo mke wa mtu kujitaja mwenyewe mbele ya mwanamume wa watu ilikuwa aibu, eti anatangaza kwamba hana mume. Jamani! Wamekwenda kudai haki ya kujisemea, halafu hata jina wanaogopa kulisema. Bibi akifika hapo hucheka, mkono mdomoni. "Tulikuwa wajinga, mjukuu wangu. Lakini mimi nilifurahi kidogo. Nilisema nikikamatwa, na yeye akamatwe."

Babu aliikuta kadi ndani ya unga. Kuona jina lake, akajua kibarua kitaota nyasi, akampiga Bibi ngumi ya mdomo. Jino likaanguka palepale. Kadi Bibi aliinyakua akaificha kifuani, na wiki iliyofuata alikuwa njiani tena na kapu lake. Babu alikufa miaka mingi baadaye, na hakuwahi kumwomba radhi.

Mwaka jana likatoka tangazo kwamba kata itawaenzi wazee waliopigania uhuru. Bibi akaniita. Akatoa ile kadi kwenye kitambaa.

"Nataka waniite kwa jina langu," alisema. "Lile alilonipa baba yangu. Mara moja tu, nisikie, halafu nife zangu."

Nilishtuka. Maisha yangu yote sikuwa nimesikia mtu akimwita hivyo. Alikuwa Mama fulani, kisha akawa Bibi, basi.

Nikapanda bajaji mpaka ofisi ya kata. Kijana wa pale aliniamkia vizuri, akaisoma kadi.

"Huyu mzee bado yupo hai?"

"Mwenye kadi ni mwanamke."

"Mama, hapa pameandikwa jina la mwanamume."

Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akakuna kichwa. Akasema nilete shahidi, mmoja wa wale wenzake.

"Wote wamekufa. Nikuletee makaburi?"

"Mama, usipaniki. Basi mtoto wake mkubwa aandike barua, asaini, tutabadilisha."

Mtoto mkubwa ni mjomba. Nilimpigia simu nikiwa bado mlangoni. Alinisikiliza, akaguna.

"Unataka kumwaibisha baba kaburini? Acha ujuaji. Heshima ni ya familia nzima."

Nilimwomba mara tatu, mara ya mwisho nikilia. Hakusaini, na kadi ikaandikishwa na jina lilelile. Mtu aliyebebwa mgongoni kwenda kusambaza kadi zile! Mpaka leo nikimwamkia ni kwa sababu ya Bibi tu.

Bibi sikumficha. Akasema atakwenda hivyohivyo, huenda wakakumbuka wenyewe. Siku ya sherehe alivaa gauni lake la kanisani, tukakaa safu ya nyuma. Wakaita majina. Kila jina lilipoitwa alinyoosha shingo. Mwisho likaitwa la babu, na mjomba akapanda jukwaani na suti yake kupokea cheti.

Nikasimama. "Huyo mliyemtaja alimng'oa jino mwenye kadi!" nilipiga kelele. "Mwenye kadi huyu hapa!"

Watu wakageuka. Mshereheshaji akaagiza muziki uwekwe, ukawekwa kwa sauti ya juu. Mama mmoja akanivuta gauni, "Kaa chini mwenzangu, unamtia bibi yako aibu." Kisha wakaja kumfunika Bibi kanga mpya mabegani, zawadi ya mjane wa shujaa. Akasema asante. Alikuwa na adabu kuliko sisi wote.

Tulirudi kwa gari la mjomba. Bibi, ambaye hakusoma, alikiomba cheti, akakipapasa, akanipa.

"Nisomee."

Nikasoma. Jina la babu, na kwamba alijitolea bila woga kuikomboa nchi yake.

"Rudia."

Nikarudia. Akapitisha ulimi kwenye lile pengo.

"Na jino langu," akauliza, "wameliandika wapi?"

Mjomba aliongeza mwendo. Mimi nilikikunja kile cheti, na sikujali kilivyokunjamana.