Ngazi Tatu Chini

Mpiga besi hana mashabiki. Muulize yeyote aliyecheza muziki wa roki ujanani, atakutajia mwimbaji, atakutajia mpiga gitaa na nywele zake, hata mpiga ngoma atamkumbuka kwa makelele. Wa besi atasema, "Alikuwepo mmoja hivi, mfupi." Basi huyo mfupi ndiye Fundi, na habari hii ni yake, mtake msitake.

Kwa kazi ni seremala wa madawati ya shule. Siku za wiki mikono yake inanuka gundi ya mbao, na Jumamosi alasiri inashika besi ya bendi ya Radi, mwaka wa arobaini na tatu sasa. Mwimbaji wa Radi ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa majigambo ambaye hata akiomba chumvi mezani utadhani anahutubia.

Bendi pinzani ni Tetemeko. Zamani zote mbili zilikuwa bendi moja, hadi walipogombania nani katunga "Nirudishie Jina", wimbo wenye mlio mrefu mwishoni unaopanda mpaka mishipa ya shingo inatoka. Kila upande ukaurekodi, kila upande ukauita wake, na salamu zikafa hapo. Wakikutana msibani hukaa pembe mbili tofauti, utadhani marehemu nao waligawana.

Sasa siri. Miaka sita iliyopita shemeji alifiwa na mkewe, na sauti ikaanza kumkatikia kwenye ule mlio. Naye alikuwa ameshaapa mbele za watu: "Siku nitakaposhindwa kuuimba kwa sauti ya santuri, nanyamaza moja kwa moja. Mimi si mzee wa kuhurumiwa." Fundi alijua kiapo kile si mzaha. Alijua pia kwamba bila Jumamosi zake, mtu yule angekaa akitazama ukuta mpaka ukuta umchoke.

Kwenye bendi ya Radi, magitaa yote hurekebishwa sauti kwa kufuata besi, ndiyo desturi yao. Siku moja Fundi akalegeza nyuzi zake kidogo, akashusha sauti ngazi moja ili mlio ule ufikike. Mwaka uliofuata, ya pili. Wapiga magitaa wakafuata: mmoja masikio yalikuwa yameshapungua, mwingine alikuwa na adabu. Shemeji akaimba, mlio ukapanda, akajipiga kifua. "Umesikia? Kama santuri!" Santuri yenyewe haikuweza kutoa ushahidi, maana gramafoni ya shemeji, Fundi aliichukua kwenda kuitengeneza, na mpaka leo haijapona.

Mambo yaliharibika ukumbi wa mji ulipokarabatiwa. Waandaaji wakaziita bendi zote mbili siku ya ufunguzi, Jumamosi, na mwisho wapige "Nirudishie Jina" kwa pamoja, jukwaa moja. Wazee wakakubali kwa sharti kwamba hakuna mazoezi ya pamoja. Ya nini? Na wezi wa nyimbo? Shemeji akaenda redioni akatangaza kuwa wimbo utaimbwa kwa sauti ile ile ya zamani, "na Tetemeko wakishindwa kufika, nitawarushia kamba."

Fundi alisikia hayo akiwa na randa mkononi, akaharibu ubao mzima. Radi wako ngazi mbili chini, Tetemeko wako juu. Bendi hizo zikipiga pamoja, zitagongana kama masufuria yanayoporomoka kabatini, na ukumbi mzima utajua nani alikuwa akivishwa kilemba cha ukoka. Shemeji angenyamaza kweli.

Nyumbani mkewe alikuwa akipiga pasi shati la kaka yake. Yeye siri aliijua zamani, ana masikio kuliko bendi nzima. "Nenda kwa Kinyozi," alisema bila kuinua macho.

"Kwa yule? Si ndiye aliyesema nashika gitaa kama nashika randa?"

"Miaka arobaini iliyopita. Na alisema kweli. Nenda, mume wangu. Mficha uchi hazai."

Kinyozi ndiye mpiga besi wa Tetemeko. Duka lake lina viti viwili, kioo chenye ufa na harufu ya spiriti. Alhamisi asubuhi Fundi aliingia, akakaa. Kinyozi alimtazama kupitia kioo, akamfunga shuka shingoni, akampaka povu, akachukua wembe. Hakuna aliyesalimia.

"Ndevu?"

"Ndevu."

Wembe ulipofika chini ya kidevu, Fundi aliona kuwa amechagua mahali pabaya pa kutubu. Lakini maji yalishamfika shingoni. "Kinyozi, sisi tumeshuka."

Wembe ukasimama. "Mmeshuka nini?"

"Ngazi mbili. Mwenyewe hajui. Sijawahi kukuomba kitu maishani mwangu, leo nakuomba. Jumamosi mshuke na sisi. Ukitaka kunicheka nicheke, ila mwache yule mzee aimbe."

Kinyozi aliweka wembe mezani. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha tumbo, kisha akashika kiti asianguke. "Mbili? Mbili tu? Kumbe wenu bado kijana! Sisi tatu, ndugu yangu! Tatu, tangu mwimbaji wetu alipong'olewa meno! Na mimi wiki nzima chakula hakipiti, nawaza nitakujaje kukupigia magoti wewe seremala!"

Wakacheka wote wawili mpaka povu likamkaukia Fundi shavuni. Wakapatana tatu. Kwa kuwa nyuzi za Fundi zingelegea mno na kuanza kukoroma, Kinyozi alifungua droo ya mikasi akatoa nyuzi nene, mpya. "Chukua. Usimwambie mtu umepewa na Tetemeko."

"Na wewe usimwambie mtu nimekaa kwenye kiti chako."

"Nikisema, nani ataamini?"

Jumamosi saa kumi ukumbi ulifurika. Walikuwepo mabibi waliowahi kuzimia kwa nyimbo zile, sasa wameshika miwani. Kila bendi ilipiga zake, kisha waimbaji wawili wakasimama bega kwa bega bila kutazamana. Nyuma, karibu na pazia, Fundi na Kinyozi walipiga mpigo wa kwanza. Ukatoka mmoja, mzima, na Fundi akausikia mpaka kwenye nyayo.

Mlio ulipofika, shemeji alipanda. Wa Tetemeko akapanda. Hakuna aliyekubali kuachia kwanza, na watu walikuwa wamesimama juu ya viti.

"Sauti ya santuri!" shemeji akanguruma wimbo ulipokwisha.

"Haijapungua hata punje!" akajibu wa Tetemeko, na Kinyozi akajificha nyuma ya spika kwa kicheko.

Hapo ndipo shemeji alipogeuka, jasho linamtiririka, macho yanawaka. "Shemeji! Pandisha ngazi moja! Leo tunaipita santuri!"

Fundi alipiga hesabu haraka. Kwa shemeji si kitu, mbili chini ndipo alipozoea. Lakini mzee wa Tetemeko hajafika huko tangu ang'olewe meno. Kinyozi alikuwa ameacha kucheka, anatikisa kichwa: hapana, hapana.

Ila mzee mwenyewe alikuwa ameshasikia. "Pandisheni!" alifoka. "Huyu atanishinda mimi?"

Wakakaza nyuzi, magitaa yakafuata, watu wakipiga makofi kuwangoja. Wimbo ukaanza upya. Mlio ulipofika, shemeji alikwenda peke yake. Kinyozi akafumba macho. Kisha sauti ya pili ikaja, mwanzoni yenye mikwaruzo, ikafunguka, ikapanda, ikakaa sawasawa kando ya ile ya kwanza. Shemeji alimtazama adui yake akitetemeka mwili mzima kwa kuishikilia, akamshika mkono, akauinua juu pamoja na wake, na wakamaliza pamoja.

Fundi alifurahi kuliko siku ya harusi yake, na mkewe asisikie. Kinyozi alimrukia shingoni, besi zikagongana, machozi yanamchuruzika.

"Mbili!" alimpigia kelele sikioni. "Umesikia, seremala? Kafika mbili!"