Nimezuiliwa Oraba kwa kujua majani

Jamani, elimu imeniponza.

Leo hapa mpakani askari ametoa mfuko wa majani makavu kwenye lori la mbao. "Hii iko bangi!"

Dereva akaapa hajui ni nini. Mimi, karani wa kupitisha mizigo, nikamhurumia.

"Hapana, afande. Ni livawoti, mmea mdogo usio na maua, huota kwenye magome yenye unyevu. Tazama, majani yamejipanga safu mbili, hayana mshipa wa kati. Geuza: chini kuna safu ya tatu, vijani vidogo."

Akageuza, akaviona.

"Kweli, hapana bangi. Basi iko ya wewe. Kibali iko wapi?"

Huku anayeueleza mzigo ndiye mwenyewe. Dereva ameshaondoka kwenda Koboko.

Niko kwenye benchi, mlango umefungwa. Anayeijua livawoti aje aniokoe, ila asiieleze vizuri.