Viti saba vya mzee wa Marangu

Juzi, kwenye yadi ya magari hapa Moshi, nilimkuta mzee wa Marangu akikagua gari lililokwishatumika, stesheni wagoni ya dizeli. Alikaa kiti kimoja baada ya kingine, vyote saba, na kila kimoja akafunga mkanda.

"Likijaa watu na mahema, linapanda mlima?" akamuuliza muuzaji.

"Linapanda, mzee wangu. Mko wangapi?"

"Desemba watoto wakija na wajukuu kutoka Dar, nitawapeleka kupiga kambi."

"Mwaka jana walikuja?"

"Walipiga simu."

Muuzaji akageuka kufuta vumbi kwenye boneti. Mimi ukwepaji wa namna hiyo hunipandisha hasira, nikadakia: "Shikamoo mzee. Nyumbani unaishi na nani?"

"Marahaba. Na ng'ombe wangu."

"Basi nikwambie ukweli, chukua gari dogo."

Akanitazama kwa huruma. "Nikichukua dogo, mwanangu, nitakuwa nimewaambia wasije."

Miaka yote najisifu kwa kusema wazi. Siku hiyo nilimsaidia tu kulaza viti vya nyuma. Tukajinyoosha humo wawili kupima nafasi, na bado ilibaki kubwa.

Ninyi mnaosoma hili mkiwa Dar, gari limeshanunuliwa.