Mvi za Baba

Juzi nilimpeleka mwanangu kwa kinyozi mmoja wa Woodley, tukamkuta mzee amefungwa taulo shingoni anapakwa rangi nyeusi ya nywele. Hiyo harufu, ndugu yangu, usiiulize. Ni kali, inawasha pua, halafu inakaa kooni kama umelamba sarafu. Mtoto alikunja uso akasema pananuka. Mimi nilitoka nje nikasimama kando ya barabara mpaka wakamaliza, maana ilikuwa imenirudisha mtaani Satellite, kwenye chumba chetu cha mabati, na kwenye kichwa cha baba yangu.

Baba alikuwa soja wa geti kwenye jumba moja la ofisi huko Hurlingham. Alitoka kwetu magharibi akiwa kijana, akasimama pale getini mpaka wenye magari wakawa wanampungia mkono. Mvi zilimwahi mapema. Ukoo wao wote ndivyo ulivyo. Hata shangazi zangu walizeeka kichwani kabla ya kuzeeka miguuni. Kwa miaka mingi hazikumsumbua mtu. Kisha kampuni nyingine ikachukua ulinzi wa jumba lile, ikaja na msimamizi aliyeanza kusemasema kwamba geti linataka vijana.

Basi Baba akanunua rangi ya unga. Jumamosi, Mama akiwa ameenda Woodley kufulia watu nguo, alikaa kwenye kigoda, akajitanda leso kuukuu mabegani, akanikabidhi mswaki uliochakaa. Nilikuwa na miaka tisa. Yeye alikoroga unga na maji kwenye kifuniko cha mkebe, mimi nikapaka polepole kuanzia kwenye panja, nikijiona fundi wa kweli. Aliniambia nisisahau nyuma ya masikio. Aliniambia pia kwamba kazini wanataka vijana, na kwamba jambo hili ni letu sisi wawili. Mama akijua atakosa usingizi bure. Kwangu mimi ilikuwa sawa na kukaguliwa kucha shuleni. Unajisafisha, unapita, yameisha.

Mwanzoni alijikuna tu. Baadaye nyuma ya masikio pakaanza kutoa maji, paji la uso likatutumka, na asubuhi mto ulikuwa umegandamana na nywele. Mama aliupiga vita ugonjwa ule kwa kila alichokuwa nacho. Alilaumu sabuni, akaibadilisha. Alilaumu kofia ya kazi, akaifua kwa maji ya moto mpaka ikachuja. Alilianika godoro juani, akachemsha mwarobaini, chumba kizima kikawa kichungu. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia Baba kila jioni, na Baba akajibu ni jasho tu. Siku moja mwasho ulimzidi akiwa amevaa kofia, akachukua penseli yangu ya shule akaipenyeza chini yake akakuna. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Yeye pia alicheka, kidogo.

Kisha Mama akaiona taulo ambayo Baba alijifutia kichwa. Ilikuwa Jumapili, tunajitayarisha kwenda kanisani, akaikuta ina madoa meusi, akamshika Baba kidevu akamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Mama hakuwa mtu wa kunong'ona, na kuta za mabati hazina siri. Alimuuliza anajipamba kwa ajili ya nani. Akamtajia mwanamke wa kibanda cha chai huko Hurlingham, mtu ambaye Mama mwenyewe hata hajawahi kumwona. Alimwita malaya, mzee asiye na haya, akasema mwanamume mwenye mke na mtoto haanzi kujirembesha hivi hivi. Majirani walipunguza redio ili wasikie vizuri. Nilimtazama Baba nikingoja aseme ni kwa sababu ya kazi. Aliniangalia mara moja tu, nami nikafyata mdomo. Akainamisha kile kichwa chenye vidonda, akakubali kuitwa hayo yote.

Tangu siku hiyo Mama aliacha kumwangalia. Chakula alimpakulia, maji ya kuoga alimwekea, lakini neno hakumpa. Kwa hiyo macho ya Baba yalipovimba mpaka yakakaribia kufunga, Mama akiwa kazini, ni mimi niliyemshika mkono kwenda zahanati. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye haraka zake. Aliuliza Baba anapaka nini kichwani. Baba akaguna, nikajibu mimi.

"Ngozi yako imekataa hiyo rangi, mzee," daktari alisema. "Na ikishakataa, imekataa. Ukipaka tena inaweza kukufunga koo."

Njiani tukirudi nilimwambia basi anyoe upara tu, mambo yaishe. Alisimama kabisa. Kwetu, mtu hunyolewa kichwa chote akishazika mtu wake, na Kukhu, mama yake Baba, alikuwa bado mzima kijijini, akigombana na kuku wake. Baba alisema kujinyoa bila msiba ni kuuita msiba.

Uvimbe uliposhuka, nywele nyeupe zilikuwa zimeanza kuchomoza, na msimamizi alikuwa anakuja Jumatatu kuchagua wa kubaki. Jumamosi Baba akaniita. Nilimkuta ameshakoroga rangi, ameshajitanda leso. Nilishika mswaki, nikaanza kulia. Nikamwambia, "Baba, koo litafunga." Baba aliinuka. Kisha akachukua kile kifuniko, akaenda nje, akakimwaga kwenye mtaro.

Jumatatu nilipotoka shule nilimkuta ameketi mlangoni, kichwa kimenyolewa chote, kimejaa magamba na mikwaruzo mibichi. Sikuuliza kitu. Nilitupa mkoba, nikajiangusha chini, nikaanza kumlilia Kukhu kwa jina, jinsi nilivyoona watu wazima wakifanya matangani. Majirani wakatoka. Wengi walikuwa watu wa kwetu, na aliyekiona kile kichwa hakuhitaji kuelezwa. Mama wa chumba cha pili akapiga nduru. Mama yangu, akitoka Woodley, alikisikia kilio tangu langoni, akaangusha kikapu, akaja mbio mikono kichwani.

Baba alisimama katikati yetu, amenyoosha mikono kama anayezuia gari.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Mama yangu ni mzima. Ni kazi imeisha."

Akayasema yote pale pale, mbele ya wapangaji wote wa ploti: geti, vijana, rangi. Kwamba asubuhi ile kinyozi alimkataa kwa sababu ya vidonda, akajinyoa mwenyewe kwa wembe kwenye choo cha kazini. Kwamba msimamizi alipomwona alisema wageni hawawezi kupokelewa na mtu mwenye ugonjwa wa ngozi, akamwambia avue koti na kofia, aviache. Kisha akamgeukia Mama. "Niliogopa kukuambia," alisema.

Nilidhani sasa watu wataacha kulia, maana maiti hakuna. Majirani waliondoka mmoja mmoja. Lakini Mama alikaa chini mchangani akalia upya, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Nilimkasirikia, kusema kweli. Niliona ni uchuro, kumlilia mtu aliye hai.

Kesho yake hakwenda Woodley. Alichemsha maji akatia chumvi, akatoa kigoda nje, mahali ambapo kila anayekwenda bombani lazima apite, akamkalisha Baba, akaanza kumwosha kichwa kwa kitambaa. Hakuomba msamaha, Mama hakuwa na neno hilo. Wanawake waliomsikia Jumapili ile ya taulo walipita na madebe yao wakasalimia, naye akaitikia bila kuinua macho. Maji yalimchoma Baba, niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja, lakini hakusogeza kichwa. Mimi nilidhani wametoka nje kwa sababu ndani hamna mwanga. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba Mama alitaka waonekane.

Ngozi ilipona. Geti hakupata tena. Alibeba kokoto kwenye mijengo mpaka mgongo ukamshinda, akarudi kijijini. Nimemfikiria sana mtu yule aliyeinamisha kichwa mbele ya mke wake. Kuitwa malaya ploti nzima ikisikia, hilo aliliweza. Kusema anaogopa ndiko kulikomshinda, mpaka hapakuwa na kitu cha kuokoa.

Mimi nimeolewa sasa. Mume wangu akianza kukaa kimya jioni, anakula bila kuinua uso, rafiki zangu huniambia nichunguze simu yake. Sichunguzi. Namuuliza anaogopa nini. Mara nyingi hanijibu.