Darubini ya Malachie

Malachie hajui ndege. Nasema mapema, nisije nikaitwa mnafiki baadaye. Ni jirani yangu kwenye nyumba za reli hapa Kamina, na kwa miaka kumi sijamwona akishika jembe. Mkewe, Marceline, ndiye anayelima mihogo huko nyikani kila alfajiri, mume akikoroma.

Mwaka jana akapata darubini kwa mwanajeshi wa base, kambi ya jeshi, aliyekuwa akihama. Akaivaa shingoni hata chooni. Akatafuta na kofia, akajipa cheo: mtaalamu wa ndege. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mvua zilipoanza akaja Docteur Tshala kutoka Lubumbashi, mama mpole anayehesabu ndege wa nyika. Alitaka mtu wa kumwongoza msimu mzima. Malachie akawahi kujitokeza, akaapa mbele ya wakwe zake kwamba kazi ni yake. Docteur akasema atampima asubuhi moja, kwa ndege mmoja tu, wa kawaida kabisa. Nami nikafuatana nao. Sikwenda kwa wema. Nilitaka kumwona akiumbuka. Marceline alikuja nyuma na sufuria ya chakula kichwani, maana mtaalamu habebi.

Nje ya mji tukasikia: prrrr. Kimya. Prrrr.

“Ni ndege gani?” Docteur akauliza.

Malachie akapiga magoti. “Iko mu majani, Docteur. Iko naimba. Ngoja itatoka.”

Akalenga darubini kichakani. Sauti ikalia tena, akatambaa hadi kichaka cha pili, kisha cha tatu. Akatuonyesha shomoro. Docteur akatikisa kichwa. Nusu saa nzima mtu mwenye ndevu anapekua majani kama kuku! Nilimwonea aibu, kisha nikaona raha.

Marceline akatua sufuria. “Papa Kabeya,” akamwambia mumewe, “angalia yulu.”

“Nyamaza, mama. Uko nafukuza ndege.”

“Haina kuimba ile. Ni mabawa njo iko napiga. Angalia yulu!”

Tukainua vichwa. Juu kabisa kulikuwa na kindege kidogo kama punje, kikizunguka, na kila kilipopiga mabawa kwa kasi tulisikia prrrr. Kipozamataza. Malachie alikuwa bado anatazama chini.

“Umemjuaje, mama?” Docteur akauliza.

“Minyi niko nalima pale kila asubui. Ikishuka, itakaa kwa kile kichuguu. Iko rouge kidogo ku mabawa.”

Tukasubiri. Kikashuka, kikatua juu ya kichuguu kilekile, na wekundu wa mabawa ukaonekana bila darubini.

Docteur akamnyooshea Malachie mkono. Yule bwana akadhani anapongezwa, akatabasamu.

“Naomba hiyo darubini,” Docteur akasema. Akamvalisha Marceline. “Mama, kazi yako inaanza leo.”

Malachie akabaki anapapasa shingo yake tupu. “Na minyi?”

Marceline alikuwa ameshatangulia njiani.

“Beba chakula,” akasema, bila kugeuka.